Jinsi ya kupiga hesabu ya umbali na muda wa ndege, toka mlangoni kwako Tanga mpaka Guangzhou

Ukimuuliza mtu hapa Tanga Guangzhou ni mbali kiasi gani atakujibu "masaa kumi na moja", ndo lililoandikwa kwenye tiketi, na sio uongo ila ni nusu ya habari. Hayo kumi na moja ni ya ndani ya ndege tu, tena kuanzia Dar. Mtu wa Ngamiani anayeenda kufunga mzigo China, au mama anayemfuata mwanawe Muscat, anatakiwa ajue vitu vitatu tofauti: kilomita za angani, masaa ya kukaa kwenye ndege, na masaa ya safari yote toka anafunga mlango wake mpaka anaweka begi chini ugenini. Vyote vitatu unavipigia hesabu mwenyewe na simu yako kabla hujampa wakala hata shilingi, na nakusihi ufanye hivyo, manake ukishakuwa na namba zako mkononi mtu hawezi kukuuzia tiketi ya masaa thelathini na mbili akakwambia hakuna njia fupi zaidi ya hiyo.

Tuanze na kilomita. Kila sehemu ya dunia ina namba mbili, latitudo (ya kusini-kaskazini) na longitudo (ya mashariki-magharibi), fungua Google Maps bonyeza mahali kwa muda bila kuachia zitatokea zenyewe. Mji wetu wa Tanga upo digrii 5.07 kusini na 39.10 mashariki. Uwanja wa Julius Nyerere Dar ni 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Muscat ni 23.59 kaskazini, 58.28 mashariki. Guangzhou uwanja wake uko 23.39 kaskazini, 113.30 mashariki. Hesabu ya angani anzia Dar na sio Tanga, kwa sababu hiyo ndege kubwa haitui kwetu, hata kama kwenye ramani Tanga iko karibu zaidi na China kwa kilomita kama 75 hazikusaidii kitu, utashuka kusini kwanza ndo upande.

Sasa dunia kuizunguka nzima ni kama kilomita 40,030, gawa kwa digrii 360 unapata 111.2. Hiyo 111.2 ikariri, ndo kila kitu. Kwa haraka fanya hivi: tafuta tofauti ya kusini-kaskazini, tafuta tofauti ya mashariki-magharibi, kila moja izidishe kwa yenyewe, zijumlishe, tafuta kipeuo cha pili (ile alama ya √), halafu zidisha kwa 111.2. Yaani ile hesabu ya pembetatu ya shuleni, Pithagorasi.

Mfano Dar na Muscat. Moja iko kusini nyingine kaskazini kwahiyo unajumlisha, 6.88 na 23.59 ni 30.47. Upande wa mashariki zote ni mashariki kwahiyo unatoa, 58.28 toa 39.20 ni 19.08. 30.47 mara yenyewe ni 928, 19.08 mara yenyewe ni 364, jumla 1,292, kipeuo chake 35.95, mara 111.2 unapata kama kilomita 4,000. Umbali wenyewe hasa ni kama 3,970. Umekosea kilomita 30 tu, kwa ndege hizo ni dakika mbili!

Guangzhou fanya hivyohivyo, tofauti ni 30.27 na 74.10, utapata kama 8,900. Umbali wa kweli ni kama 8,710. Hapo umezidisha 190, karibu robo saa ya angani, bado sio mbaya kwa hesabu ya kwenye daladala.

Ila tahadhari hapa, na naomba usiiruke hii sehemu. Hesabu hii inatukubali sisi kwa sababu tuko jirani na ikweta. Miji ikiwa juu sana kaskazini inaharibika vibaya. Chukua London na Los Angeles, ukiipiga kibapa hivi utapata zaidi ya kilomita 13,000, wakati kweli ni karibu 8,800. Sababu ni kwamba mistari ya longitudo inabanana kadri unavyokaribia ncha. Chukua chungwa la Muheza, weka alama mbili karibu na kikonyo, moja upande huu moja upande wa pili, halafu vuta uzi kati yake. Uzi ukiuzungusha kwa pembeni unakuwa mrefu, ukiupitisha juu karibu na kikonyo unakuwa mfupi. Ndo maana ndege ya London–Los Angeles unaiona kwenye skrini imepanda mpaka Greenland na mtu anadhani rubani amepotea, hajapotea, pale ndo pafupi.

Kwahiyo ukitaka hesabu ya uhakika kwa mji wowote tumia kanuni kamili. Geuza simu ilale ili kalkuleta ilete sin na cos, hakikisha imeandikwa DEG na sio RAD, hili watu wengi wanalisahau wanapata majibu ya ajabu. Namba za kusini zipe alama ya kutoa. Kisha:

sin ya latitudo ya kwanza × sin ya latitudo ya pili, hilo ni jibu la kwanza.
cos ya latitudo ya kwanza × cos ya latitudo ya pili × cos ya tofauti ya longitudo, hilo la pili.
Jumlisha majibu mawili, bonyeza cos⁻¹, unapata digrii. Zidisha kwa 111.2.

Dar–Guangzhou: sin ya −6.88 ni −0.120, sin ya 23.39 ni 0.397, ukizidisha ni −0.048. Halafu 0.993 × 0.918 × 0.274 ni 0.250. Jumla 0.202. cos⁻¹ yake ni digrii 78.3, mara 111.2, kilomita 8,710 hivi. Umemaliza. Kama hesabu inakupa homa basi ingia tovuti ya Great Circle Mapper uandike DAR-CAN (vifupisho vya viwanja vya Dar na Guangzhou) itakupa, au tumia kipimo cha umbali cha Google Maps kwa kompyuta, lakini mimi napenda mtu ajue namba inatokea wapi, akishajua hababaiki.

Kutoka kilomita kwenda masaa. Ndege kubwa za masafa zikishatulia juu zinakwenda karibu kilomita 900 kwa saa. Usigawe kwa 900 lakini, gawa kwa 850 halafu ongeza nusu saa. Hiyo nusu saa ni ya kuzunguka pale chini kabla ya kuruka, kupanda taratibu, na kule mwisho kushuka na kupanga foleni ya kutua. Dar–Muscat: 3,970 gawa 850 ni 4.7, ongeza 0.5, ni masaa matano na kidogo. Dar–Guangzhou: 8,710 gawa 850 ni 10.25, ongeza nusu, masaa kumi na dakika arobaini na tano. Air Tanzania wana ndege ya moja kwa moja kwenda Guangzhou, ile Dreamliner, na muda wao unacheza humohumo. Ndege ya propela hesabu yake nyingine kabisa, na zile ndogo zinazotua kwenye uwanja wetu hapa Tanga zinakwenda kama 300 kwa saa, usizigawe kwa 850 ukaanza kulalamika zimechelewa.

Halafu upepo. Huko juu, nje ya ukanda wetu wa ikweta, kuna upepo mkali unaovuma toka magharibi kwenda mashariki, hasa miezi ya baridi ya wenzetu wa kaskazini. Ukienda mashariki unakusukuma, ukirudi unakupinga. Ndo maana kurudi toka China kunachukua muda mrefu kuliko kwenda, na wala rubani hajakawia. Mfano unaojulikana ni New York–London, kawaida inakaa karibu masaa saba, lakini Februari 2020 ndege ya British Airways ilisukumwa na dhoruba ikafika kwa masaa manne na dakika hamsini na sita. Kwahiyo safari ndefu ya kwenda mashariki acha kama hesabu ilivyo, ya kurudi magharibi ongeza kama saa moja.

Na kuna anga lililofungwa. Toka 2022 mashirika mengi ya Ulaya hayapiti juu ya Urusi, Helsinki kwenda Tokyo iliyokuwa masaa kama tisa ikawa kama kumi na tatu, miji haijasogea hata hatua moja. Kwahiyo ukiona tiketi imezidi hesabu yako kwa masaa mawili matatu bila kituo cha kati, angalia ramani ya njia kwanza.

Sasa tunafika penye maumivu, saa. Hapa ndo watu wanaachwa na ndege, na nimeona familia zinalia pale nje ya uwanja kwa kitu cha kuhesabu kwa vidole.

Tiketi inaandika saa ya mji husika, kuondoka ni saa ya Dar, kufika ni saa ya kule. Tanga na Dar tuko +3, yaani masaa matatu mbele ya saa ya dunia (UTC). Muscat +4, wametutangulia saa moja. Guangzhou +8, wametutangulia masaa matano. London wako nyuma yetu masaa matatu wakati wa baridi na mawili wakati wa joto, manake wao wanasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sisi hatusogezi. Ukitaka kuhakiki gawa tofauti ya longitudo kwa 15: Guangzhou 74 gawa 15 ni karibu 5, imekubali. Inakaribia tu lakini, kila nchi inaamua saa yake, China nzima wanatumia saa moja ya Beijing pamoja na ukubwa wote ule.

Kujua muda halisi wa ndani ya ndege: saa ya kufika toa saa ya kuondoka, halafu ukienda mashariki toa tofauti ya masaa, ukija magharibi ongeza. Tuseme tiketi inasema inaondoka Dar 17:00 inafika Guangzhou 09:00 na pembeni kuna kialama cha +1. Toka 17:00 mpaka 09:00 ya kesho yake ni masaa 16, toa 5, ni masaa 11, inalingana na hesabu yetu. Kurudi, inaondoka Guangzhou 11:00 inafika Dar 18:00, unaona kama masaa 7, ongeza 5 ni 12. Ile +1 maana yake siku inayofuata, usiipuuze, anayekupokea akija siku ya kuondokea atakaa pale bure.

Alafu geuza kwenda saa zetu. Toka 07:00 mpaka 18:59 toa sita: 17:00 ni saa kumi na moja jioni. Toka 19:00 mpaka 23:59 toa kumi na nane: 23:40 ni saa tano na dakika arobaini usiku. Toka 00:00 mpaka 06:59 ongeza sita, 02:15 ni saa nane na robo usiku.

Hiyo ya mwisho ndo inayoua watu. Tiketi ikiandika Alhamisi 02:15, huo ni usiku wa kuamkia Alhamisi, yaani Jumatano ukishaswali isha unatakiwa uwe umeshafika au uko njiani kwenda uwanjani. Mtu anaona Alhamisi, anaona usiku, anakula futari yake Alhamisi vizuri anaaga watu anakwenda uwanjani, ndege ilishaondoka usiku wa kuamkia siku hiyo. Tarehe ya tiketi inabadilika saa sita usiku, haingojei alfajiri wala haijali magharib. Tiketi yoyote ya kati ya 00:00 na 05:00, chukua kalamu uandike pembeni "natoka nyumbani siku ya" halafu siku iliyotangulia. Kwa wazee wetu wanaosafiri peke yao iandikwe kwa maneno na kwa mwandiko mkubwa, iwekwe kwenye pasipoti.

Tuje kwenye kuunganisha. Kama hukupata ya moja kwa moja, wengi wanapitia Dubai au Addis Ababa. Piga hesabu ya kila kipande peke yake. Dar–Dubai ni kama 3,980, Dubai–Guangzhou kama 5,830, jumla 9,810. Dar–Addis ni kama 1,760, Addis–Guangzhou kama 8,040, jumla 9,800. Umeona? Moja kituo chake kiko karibu na nyingine kiko mbali lakini jumla ni ileile, na masaa ya angani kwa kanuni yetu ni kama 12 na nusu hivi kwa zote mbili (nusu saa unaihesabu mara mbili sababu unaruka mara mbili). Kwahiyo kati ya hizo mbili usichague kwa kuangalia ramani, angalia transiti, yaani muda wa kusubiri ndege ya pili. Kilomita 1,100 za ziada zinakuchelewesha kidogo, ila transiti ya masaa kumi na nne inakula siku nzima, na hapo unakula na kunywa kwa bei za uwanja wa ndege.

Kwa maoni yangu transiti nzuri ni ya masaa mawili na nusu mpaka manne. Chini ya saa moja na nusu ndege ya kwanza ikichelewa kidogo umekwisha. Na hakikisha vipande vyote viko kwenye tiketi moja yenye namba moja ya bukingi, hapo ukikosa ya pili kwa sababu ya kwanza imechelewa shirika ndo linakutafutia nyingine. Ukikata mbili tofauti kwa sababu zimekuja rahisi, ukikosa ya pili ni hasara yako mwenyewe, na mzigo unautoa unaukabidhi upya, na pengine unahitaji viza ya hapo kati. Sikushauri, labda kama unalala mji huo kabisa.

Sasa barabara yetu. Tanga–Dar kwa ndege ni kama kilomita 200 tu, ila kwa barabara kupitia Segera ni kama 350. Basi haliruhusiwi kupita 80 kwa saa, kwenye makazi ya watu 50, kwahiyo pamoja na mizani na kushusha abiria njiani hesabu wastani wa 60. 350 gawa 60, karibu masaa sita. Na hapa nataka uone kitu: Dar–Mumbai ni kama kilomita 4,690, gawa 850 ongeza nusu saa, ni masaa sita. Basi lako linatoka stendi ya Kange linaingia Mbezi Luis, kwa muda uleule ndege imetoka Dar imetua India. Ndo maana nasema anayehesabu ya angani peke yake anajidanganya, kwetu sisi kipande cha nchi kavu sio kidogo hata siku moja.

Kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi mpaka Terminali 3, ambako ndo zinapoondokea ndege za nje, wewe tenga masaa mawili kwa foleni. Uwanjani fika masaa matatu kabla. Kwa ule mfano wa 17:00, saa kumi na moja jioni, uwe uwanjani saa nane mchana, kwahiyo Mbezi uwe umeshuka saa sita, kwahiyo Kange umeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye karatasi imekubali. Ila hakuna hata dakika moja ya pancha, ya ajali mbele yenu, ya mvua za masika. Kwa tiketi ya mamilioni usifanye hivyo, shuka Dar siku moja kabla ulale kwa ndugu au gesti ya bei ya kawaida, ndo rahisi kuliko tiketi mpya. Ndege ndogo ya Tanga–Dar kama ipo siku yako inakata dakika arobaini mpaka hamsini, nzuri sana, lakini uliza mzigo, mara nyingi ni kilo 15, kwenda mkono mtupu sawa, kurudi na mzigo wa Guangzhou haiwezekani.

Sasa jumlisha: sita za basi, mbili za foleni, tatu za kusubiri, kumi na moja za angani, mbili za uhamiaji na begi na kufika hotelini. Ishirini na nne, bila kuhesabu usiku wa Dar. Ukilala Dar ni siku mbili kamili. Kwa wanaokwenda maonyesho ya Canton, yale ya Aprili na Oktoba, maana yake usikate tiketi ya kufika asubuhi ya siku ya kwanza ukategemea kufanya biashara mchana wake. Ukishuka saa tatu asubuhi ya kule, mwili wako uko Tanga saa kumi usiku. Fika siku moja kabla, lala, amka na akili yako ndo uanze kuhesabu hela za watu.

Jambo dogo kwa wanaoswali na wanaofunga: ukiruka mashariki saa kumi na moja jioni jua linakuzamia mapema kuliko lingekuzamia ukiwa Raskazone, na alfajiri nayo inakuwahi, kwahiyo usitegemee kengele ya simu iliyosetiwa saa ya Tanga.

Ukishamaliza yote mtumie anayekupokea meseji moja yenye namba ya ndege, siku na tarehe ya kufika kwa kule, saa ya kule kwa mtindo wa tiketi (09:00, usimwandikie "saa tatu" kama sio Mswahili), na umwambie aongeze saa moja na nusu baada ya kutua ndo aanze kukutafuta mlangoni. Na nyumbani waachie ileile kwa saa zetu, 09:00 ya Guangzhou ni saa kumi usiku ya Tanga, wasianze kukupigia saa tatu asubuhi wakadhani ndo kwanza unatua.